Kizuri Chajiuza, Lakini Redio Haina Macho

Siku simu yako itakapoita, na sauti ngeni ikakwambia, "Tunapiga kutoka redioni, tungependa tuwe nawe kwenye kipindi kesho saa 1 asubuhi," usikimbilie kinyozi. Hapa Kidodi nimewaona watatu waliokimbilia, na mmoja akaongeza shati jipya na kufuta viatu mpaka vikang'aa. Redio haina macho. Kichwa kilichochongwa vizuri hakimfikii mama anayepepeta mchele uani, wala kijana aliyelala juu ya shehena ya miwa akisubiri zamu ya mizani. Jioni ile ya simu ni ya kukaa chini na daftari, na mwongozo huu ni wa jioni hiyo.

Nauandika kwa ajili ya watu ninaowajua: mwenyekiti wa chama cha wakulima wa miwa, mama mhazini wa kikoba, kijana anayeongoza bodaboda wa stendi, sista anayeendesha zahanati, mwalimu mstaafu aliyeanzisha kitalu cha miti. Mna kazi nzuri mikononi, na mkiulizwa mnashindwa kuisema. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima, na kwa miaka kadhaa nimesikiliza redio kwa sikio la mtu anayetaka kujua kwa nini mgeni mmoja anakumbukwa wiki nzima na mwingine anasahaulika kabla wimbo unaofuata haujaisha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naupenda msemo huu, na sokoni ni kweli tupu. Huko mnunuzi anabonyeza embe kwa kidole gumba, ananusa samaki, anaikunjua kanga aone kama rangi imeshika. Redioni hakuna kidole gumba. Kizuri chako kiko mbali, na anayekusikiliza hajawahi kukitia machoni. Ukinyamaza ukisubiri kijiuze, kitakuozea ghalani. Ukikipigia kelele, msikilizaji atahamia stesheni nyingine, maana naye anajua kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kazi yako iko katikati ya hayo mawili: kumfikishia embe mpaka sikioni, alibonyeze mwenyewe.

Sisi wa Kidodi tuna sababu ya ziada ya kujifunza kazi hii. Mtu akitoka Morogoro anafika mji wa Mikumi, anaiacha barabara kuu ya Iringa, anakata kushoto kuelekea Ifakara, na kabla hajavuka Mto Ruaha Mkuu kuingia Kidatu amekwisha kutupita. Kila kilichotuzunguka kina jina. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi inajulikana duniani tangu 1964. Mitambo ya bwawa la Kidatu, ya megawati 204, ilianza kutoa umeme 1975. Ng'ambo ya mto iko Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa 1992. Sukari ya Kilombero imo kwenye chai ya nchi nzima. Katikati ya majina hayo makubwa tupo sisi, Wavidunda wenye milima yao na wageni waliofuata miwa kutoka kila mkoa, na Mtanzania akisikia neno Kidodi anauliza: huko ni wapi? Swali hilo lina gharama. Asiyejulikana lori lake huja mwisho, afisa ugani humfikia mwisho, na mkopo wenye masharti ya haki humpita kabisa. Ndiyo maana nalichukua jambo hili kwa uzito zaidi kuliko baadhi ya wenzangu wanaoliona ni la watu wa mjini.

Na milango ipo. Tunayo Radio Jamii Kilosa. Morogoro kuna Abood FM, na Mviwata, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza 1993, una redio yake. Ifakara kuna Pambazuko FM. Watangazaji wa redio hizi kila siku wanatafuta mtu wa kusema jambo lenye maana. Wakimpata anayejua kusema, humrudia.

Tuanze na pale wengi wetu wanapoanguka, yaani shukrani. Mtangazaji anasema karibu. Mgeni anajibu: "Ahsante sana ndugu mtangazaji. Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili nimshukuru mheshimiwa Rais. Tatu mkuu wetu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mheshimiwa mbunge, mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji..." Dakika mbili zimekwenda, na kipindi ni cha dakika 15 chenye matangazo ndani yake. Adabu ni hazina yetu na siwezi kukuambia uiache. Mshukuru Mungu kwa pumzi moja, msalimie msikilizaji kama unavyomsalimia jirani uliyempitia barazani, kisha ingia kwenye jambo. Viongozi wataje pale walipotenda: "Barabara ya kwenda mashambani ilichongwa baada ya diwani kusimama nasi kwenye kikao." Hapo shukrani inakuwa habari, na diwani mwenyewe atafurahi zaidi ya kuwa wa sita kwenye orodha.

Baada ya shukrani huja historia ya kikundi, nayo ni ndefu kama treni ya mizigo. Kilianzishwa lini, kwa wanachama wangapi, wanawake wangapi, kwa madhumuni yapi, kikasajiliwa wapi. Historia hiyo iweke kwenye katiba yenu. Anayesikiliza akiwa na jembe mkononi hana haja nayo mpaka awe na sababu ya kuwapenda, na sababu hiyo hujampa bado.

Pia yapo maneno ya semina. Wadau, mikakati, wanufaika, kujengewa uwezo. Neno changamoto ndilo lililochoka kuliko yote, maana tumelibebesha kila kitu. Njaa ni changamoto, mvua ni changamoto, mwizi ni changamoto. Sema njaa. Sema mvua. Sema tulisubiri lori siku tatu. Mwandishi aliyechoka hukushukuru moyoni unapomwambia kitu chenye umbo, na jina lako analiandika pembeni kwa ajili ya siku nyingine.

Sasa tufike kwenye kiini, yaani jina la kikundi litatajwa wapi. Kosa la kawaida ni kuliweka mwanzoni na mwishoni, kama ukuta wa mbele na wa nyuma, huku katikati hakuna kitu. Mahojiano yakirekodiwa, mhariri hukata kwanza mwanzo na mwisho. Hana ubaya na wewe. Huko ndiko kunakokatika kwa urahisi. Anachobakiza ni ile sentensi inayomfundisha mtu jambo. Basi jina lako liingize humo, ndani ya jambo lenyewe, mahali ambapo kisu hakiwezi kupita bila kuharibu nyama.

Nikupe mfano wa shambani. Upo ugonjwa wa miwa unaotoa kitu kama mjeledi mweusi kwenye ncha ya muwa. Ule weusi ni unga wa vimelea, na upepo ukiupuliza unahamia shamba la jirani. Mgeni wa kawaida atasema: "Kikundi chetu kinatoa elimu ya magonjwa ya miwa kwa wanachama na wasio wanachama." Hilo litakatwa, na lisipokatwa litasahauliwa. Mgeni aliyekaa na daftari atasema: "Ukiona mjeledi mweusi kwenye ncha ya muwa, usiukate ukautupa. Ufunike kwanza kwa kiroba ili unga usipeperuke, kisha ng'oa shina zima ulichome. Na kwenye shamba hilo usichukue mbegu. Sisi wakulima wa Kidodi tunapita mashambani kila Jumatano kuutafuta ugonjwa huu, na asiyeujua tunamwonyesha." Mtu wa Ruhembe, mtu wa Kidatu, mtu wa Mang'ula, wote wamepata dawa bila kulipa. Wakati huohuo wamepata kujua kuwa Kidodi kuna watu, watu hao wana siku yao, na wanajua wanachokifanya. Hukujisifu hata kwa neno moja. Umetoa, na jina limesafiri ndani ya ulichotoa.

Nchi hii iliujua ufundi huo zamani. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kusikiliza vijijini. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba na kufukia madimbwi ya mbu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoisimamia, ilijenga jina lake mwaka ule kwa mashimo yaliyochimbwa, na wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wanalitaja jina la kampeni kama mtu anavyotaja jina la rafiki. Mimi nikiandaa mahojiano najiuliza swali moja la 1973: msikilizaji akizima redio, atatoka kwenda kufanya nini? Nikikosa jibu, naanza upya ukurasa.

Walimu wengine wa ufundi huo wako Morogoro mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapo ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mashirika yanayoshughulika na mabomu duniani ni mengi, na mengi hatuyajui kwa jina. Hili tunalijua kwa sababu ya panya mmoja aliyeitwa Magawa. Alizaliwa Tanzania, akafunzwa, akapelekwa Kambodia, na huko aligundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Septemba 2020 alipewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alipofariki Januari 2022, vyombo vya habari vya mabara yote vilitangaza msiba wa panya.

Tazama walivyofanya wakubwa wa shirika lile. Mwandishi alipowauliza habari zao, walimwonyesha Magawa. Walieleza kuwa ni mwepesi, hivyo akikanyaga bomu halilipuki. Walieleza kuwa hupenda ndizi. Kisha wakatoa kipimo kimoja kilichorudiwa na kila gazeti: panya huyu anakagua eneo la kiwanja cha tenisi kwa nusu saa hivi, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuifanya kwa siku hadi nne. Hakuna aliyekariri bajeti yao wala majina ya wajumbe wa bodi. Kiwanja cha tenisi tumekikariri hata sisi ambao hatujawahi kukiona. Nenda kwenye kikundi chako ukamtafute Magawa wako. Huenda ni bibi wa miaka 70 anayekata miwa yake mwenyewe, huenda ni mzani wa kwanza mlioununua, huenda ni mwembe mnaokutana chini yake. Kikundi hakina uso. Msikilizaji anahitaji kitu kimoja cha kukishika, na akishakishika atakivuta na kikundi kizima kitafuata.

Kipimo nacho kiwe cha nyumbani. Kiwanja cha tenisi kwa mtu wa hapa ni eneo lisilofika nusu ya boksi la penalti. Ukisema hivyo, kila kijana wa Kidodi atakunja uso akipima kichwani. Ukisema hekta umempoteza. Ukisema ekari umempata. Ukisema uwanja wa mpira ni kama ekari moja na robo tatu, umempata pamoja na mtoto wake. Pesa zitaje kwa kitu: ada ya muhula, mabati ya chumba kimoja, gunia la mchele. Nambari moja iliyovaa nguo inatosha kwa kipindi kizima. Nambari tano zilizo uchi zinakimbizana na kupotea.

Sasa swali gumu. Litakuja, na kama mtangazaji anajua kazi yake litakuja mapema. "Inasemekana wanachama wenu wanalalamika kuhusu malipo. Ni kweli?" Hapa wengi huanza kuipaka ukuta chokaa. Mimi nasema jibu hili ndilo litakalokutangaza kuliko yote uliyoyaandaa, kwa hiyo lijibu kwa kweli. Mkulima wa miwa analipwa kwa uzito na kwa utamu, yaani kiwango cha sukari kilichomo. Miwa ikishachomwa tayari kwa kukatwa, saa zake zinahesabika, na kila siku inayolala shambani utamu unashuka. Kuna msimu tulichoma, wakata miwa wakamaliza kazi yao, na msafirishaji tuliyekubaliana naye hakufika kwa wakati. Miwa ililala. Wanachama walipata pungufu ya walichotegemea, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nilipoulizwa hewani nilisema hivyohivyo, nikaongeza kuwa tangu hapo hatuwashi kiberiti mpaka magari yawe yamefika shambani. Wiki ile tulipata wanachama wapya. Mmoja aliniambia sababu yake: "Katibu, nimesikia mtu anayekiri hewani, nikasema huyu hata hesabu za ndani atazikiri."

Kukiri kunafanya kazi hapa kwa sababu masikio ya watu yameungua. Mwaka 2009 nchi nzima ilishuhudia DECI, mchezo wa pesa uliotumia maneno yetu wenyewe. Watu waliambiwa wapande mbegu kisha wavune. Mkulima aliyezoea kupanda pingili na kuvuna miwa aliyaamini maneno ya kupanda na kuvuna, na alipokwenda kuvuna alikuta shamba halipo. Mpaka leo mtu akisimama hewani akaahidi mavuno ya haraka, wazee wanashika mifuko yao. Imani ya msikilizaji si mali yako ya kutumia, umekopeshwa tu.

Na mtu wa jimbo hili la Mikumi ana kinga nyingine dhidi ya ahadi. Joseph Haule, tunayemwita Profesa Jay, alitoa wimbo wa Ndiyo Mzee mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu na umati unaomwitikia kwa jina hilo la wimbo. Nchi iliucheka na kuujifunza kwa moyo. Mwaka 2015 mwimbaji huyohuyo akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akahudumu mpaka 2020. Ukija redioni na orodha ya tutafanya, tutajenga, tutaleta, jua kuwa unawasemesha watu waliokwisha kuuimba mchezo huo. Badili kitenzi. Sema tumefanya, hata kama ulichofanya ni kidogo kama kuchimba mfereji wa mita 40. Mita 40 zilizochimbwa zinapita kilomita nne za kesho.

Kuhusu bahasha nitasema kwa ufupi. Yapo mazoea ya mwandishi kutarajia "mshiko" na mwenye habari kuutoa, yakipewa majina ya heshima kama nauli na chai. Msitoe. Chai ya kweli mpe, ya kikombe, na muhogo wa kuchemsha kama upo. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1995, lina maadili yanayomkataza mwandishi kuchukua kitu kwa ajili ya habari, na waandishi wengi wa mikoani, wanaolipwa kidogo mno kwa kazi ngumu, wanajitahidi kuyashika. Usiwe wewe wa kuwavunja. Tena habari iliyonunuliwa inasikika. Msikilizaji hajui ni nini, lakini anajua ladha imebadilika, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kama mna fedha za kutangaza, nendeni kitengo cha biashara, nunueni tangazo, na lisomwe kama tangazo.

Jiandae pia kwa siku ambayo habari itakufuata bila miadi. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sukari ikaadimika madukani mpaka bei ikawa gumzo la kila genge. Nchi nzima ilikuwa ikiuliza jambo ambalo kila mkulima wa bonde hili anajua jibu lake: inakuwaje mvua ya shambani inageuka uhaba dukani? Jibu ni la sentensi tatu. Trekta haliingii kwenye tope. Miwa iliyolowa haichomeki. Maji yakizidi, utamu unashuka. Kikundi kilichokuwa na sentensi hizo tatu tayari, na mtu mmoja wa kupokea simu, kingesikika Dar es Salaam kila jioni. Vikundi vingi, na chetu kimo, vilikuwa bado vinatafuta nani ana ruhusa ya kusema. Amueni leo. Chagueni wawili, mwanamume na mwanamke, wapeni ruhusa ya maandishi, na namba zao wawe nazo wahariri wa mkoa.

Ikiwa ni televisheni, basi kinyozi nenda. Lakini fikiria zaidi utasimama wapi. Watu wengi huwapeleka wapigapicha ofisini, kwenye kiti cha plastiki na ukuta wenye kalenda. Wapelekeni kwenye kazi. Wangari Maathai alipopata habari za Tuzo ya Nobel, Oktoba 8, 2004, alikuwa safarini Nyeri. Angeweza kuitisha meza na vinasa sauti. Aliomba jembe na mche, akapiga magoti, akapanda mti uso wake ukielekea Mlima Kenya. Green Belt Movement, aliyoianzisha 1977, haikuhitaji bango siku ile. Udongo mikononi mwake ulieleza yote, na picha zikazunguka dunia. Basi nawe shika panga, shika mzani, shika daftari la kikoba, na ujibu maswali mikono ikiwa kazini. Mama zetu wana faida nyingine, kanga. Tangu enzi na enzi imefanya kazi ya kusema bila kusema. Vikundi vya kina mama vinavyovaa kanga moja siku ya kikao vinatambulika kwenye picha hata kama hakuna aliyefungua kinywa.

Limebaki neno la mwisho. Watangazaji wetu karibu wote hufunga kwa swali hilohilo: "Neno lako la mwisho kwa wasikilizaji?" Hiyo ni zawadi iliyotangazwa mapema, na bado inawakuta wengi mikono mitupu, wanarudia shukrani kuanzia kwa mkuu wa mkoa. Hapa ndipo mahali pa kusema mnapatikana wapi. Usitaje namba ya simu. Anayeendesha pikipiki hawezi kuiandika, anayepalilia hana kalamu, anayepika ana unga mikononi. Namba mwachie mtangazaji, naye atampa atakayeuliza. Wewe taja mahali na siku: "Ukishuka stendi ya Kidodi siku ya Jumatano, muulize bodaboda yeyote wanapokutana wakulima wa miwa." Sentensi hiyo haihitaji kalamu. Lakini kabla ya kuisema, kawaambie bodaboda. Nimewahi kusikia kikundi kikiwaelekeza watu stendi, na pale stendi hakuna aliyekuwa amewahi kusikia jina lake.

Ukitoka hewani, mtumie mtangazaji ujumbe mfupi wa shukrani, na ndani yake umpe jina la mtu mwingine anayefaa kuhojiwa, ambaye si wa kikundi chako: sista wa zahanati, yule mwalimu wa kitalu. Watu wananiuliza kwa nini nimpe mwingine nafasi yangu. Kwa sababu mtangazaji atakayepata wageni wema watatu kutoka Kidodi ataacha kuuliza Kidodi ni wapi.

Usiku lala mapema. Kesho yake, ikiwa ulisema jambo la kufanya na mahali pa kukupata, mtu wa kwanza atafika kabla ya saa 2 asubuhi, hata kama si Jumatano. Huenda ametembea kutoka upande wa milimani. Suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu ina majivu, kwa sababu jana alisikia habari ya mjeledi mweusi, jioni akaenda shambani kwake na kurunzi, akafunika, akang'oa mashina matatu na kuyachoma. Sasa anataka kujua mbegu salama ataipata wapi. Atapiga hodi akiwa na wasiwasi kama amekosea nyumba. Mkaribishe, mpe kiti, fungua ukurasa mpya wa daftari, andika jina lake na la kijiji chake, kisha mwambie akueleze ilikuwa wapi shambani, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea wapi.